Tahadhari: vimashine vya "kuotesha gegedu" la goti vinavyouzwa Mwanjelwa na Uyole

Ndugu zangu wa Mbeya, ninaandika kuwatahadharisha juu ya muuzaji anayepita na gari la matangazo Mwanjelwa na Uyole, akiwauzia wazee wenye maumivu ya magoti vimashine vidogo vya umeme. Mama yangu mzazi, ambaye magoti yake yamesagika na kila kipupwe humsumbua zaidi, alinunua kimoja kwa shilingi 180,000, fedha za viazi alivyouza, baada ya kuhakikishiwa kwamba gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, lingeota upya ndani ya siku 14 na kwamba dawa za hospitali aziache zote. Aliacha hata za presha.

Sisemi kwamba vifaa vya kusisimua neva kwa umeme havipo. Vipo, hutumia betri na pedi za kubandika kwenye ngozi, na vinaelezwa kwa nadharia ya "lango la maumivu" waliyoitoa watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall mwaka 1965, kwamba mtekenyo unaopita kwenye neva huzuia ishara za maumivu zisifike zote kwenye ubongo. Lakini hata pale vinaposaidia, hutuliza kwa muda tu; gegedu lililolika haliguswi. Kwa goti lililosagika ushahidi ni hafifu kiasi kwamba mwongozo wa madaktari wa baridi yabisi wa Marekani wa mwaka 2019 unashauri kwa mkazo visitumike, na ule wa Uingereza wa mwaka 2022 unakataza wagonjwa kupewa.

Kilichonikera zaidi ya fedha ni kwamba hakuna mnunuzi aliyeulizwa kama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kifafa au ujauzito, mambo ambayo mtaalamu wa fiziotherapia huanza nayo. Boksi halina jina la mtengenezaji, risiti haikutolewa, na namba ya simu haipatikani tangu siku ya tatu. (Shuhuda za "waliopona" alizocheza kwenye spika, nina hakika, zilikuwa za sauti moja.)

Mama amerudia dawa zake, na hospitalini ameelekezwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja. Mwenye kifaa kama hicho akitunze pamoja na boksi lake, na akatoe taarifa ofisi ya kanda ya TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) hapa Mbeya. Muuzaji aliwaambia wateja kwamba anaelekea Makambako na Njombe.