Nimenyoa namba tatu kwa kinyozi wa mtaani, haya ndo maoni yangu baada ya miezi mitano

Naandika haraka haraka mtoto kalala, akiamka nimeishia hapo hapo.

Hali yangu ilikuwa hivi. Naishi Kimara, kazi Posta, watoto wawili, mkubwa miaka minne mdogo ndo anatambaa. Saa kumi na nusu alfajiri niko macho, saa kumi na mbili nishapanga foleni ya mwendokasi, kurudi ni saa mbili usiku na siku nyingine zaidi. Sasa hapo ingiza na kusuka. Jumamosi nzima inaliwa, umekaa kwenye kistuli masaa matano sita, maziwa yamejaa mpaka blauzi imelowa, dada anapiga simu mtoto kagoma chupa, na msusi kafika nusu kichwa kasimama kwenda kuchukua chipsi. Ukirudi nyumbani kichwa kimekazwa mpaka nyusi zimepanda, unameza panadol ndo ulale. Afu kesho yake mtoto anazikamata rasta kwa mikono miwili anavuta kama anapanda mti.

Na nywele zenyewe zilikuwa zimeshaanza kuniaga. Miezi mitatu hivi baada ya kujifungua zikaanza kunyonyoka, yaani kila nikichana bonge linabaki kwenye kitana. Hiyo niliambiwa kliniki nisihangaike, mimba inazishikilia zisidondoke afu ukishajifungua homoni zikishuka zinaachia nyingi kwa pamoja, baadae zinarudi. Sawa. Ila kingo za mbele kule ilikuwa kesi nyingine, kule kulishapwaya toka zamani kwa ajili ya kukazwa miaka na miaka, na hizo ukichelewa kuziacha zipumzike zinaweza zisirudi kabisa. Nikasema basi, nakata.

Kosa langu la kwanza nilienda saluni kubwa, sitaji jina, nimeshika simu yenye picha ya dada mmoja kanyoa pembeni, juu kaacha ndefu kidogo imelala vizuri imetiwa rangi ya dhahabu. Nikamwambia yule fundi mimi nina watoto wadogo, nataka kitu hakina kazi. Akaniambia "mama hii ndo yenyewe, fupi hii, haina kazi kabisa". Elfu sitini na tano. Jamani. Ile nywele ili ilale vile inataka dawa, na dawa inataka kurudiwa kila baada ya wiki kama sita hivi maana inayoota chini inatoka kipilipili chake, usiku ulale na rola, asubuhi upige pasi, na ukisimama kwenye mwendokasi kutoka Kimara mpaka Posta umebanwa kwapani na watu jasho likianza imerudi imejikunja. Rangi nayo baada ya wiki mbili mizizi myeusi inachungulia nikawa kama nimevaa kofia iliyopanda juu. Dawa ilinichubua nyuma ya sikio pia. Hapo ndo nikaelewa nywele fupi na nywele isiyo na kazi ni vitu viwili tofauti, na nadhani wengi tunakosea hapo hapo.

Nikavumilia wiki tano. Siku moja natoka kazini usiku nimechoka nikapita kwa huyu kinyozi wa hapa mtaani, kibanda cha kawaida tu, viti viwili vya kuzunguka, tivii ina mpira, vijana wamejaa kwenye benchi. Nikaingia kabla sijabadili mawazo. Wote kimya. Yule kijana akaniuliza "dada umemleta mtoto?" nikamwambia hapana ni mimi. Akacheka kidogo, afu akawa serious, akanishika kichwa akakigeuza geuza kwenye taa kama anachagua nazi sokoni, akanigusa nyuma akasema kisogo changu kizuri ila huku pembeni kulia kuna kovu, tukishusha sana litaonekana. Nilikuwa nishalisahau, nilianguka kwenye ngazi darasa la pili. Hapo ndo akanikamata, maana yule wa elfu sitini na tano hakunigusa hata kichwa kabla ya kuanza, aliangalia picha tu.

Sasa niwaeleze namba maana wanawake wengi hatuzijui, tunaenda tunasema "niache kidogo" afu tunalia. Ile mashine inavalishwa kitana cha plastiki, na namba yake ndo urefu wa nywele utakaobaki. Namba moja ni kama milimita tatu, mbili ni sita, tatu inakaribia kumi, nne ni kama kumi na tatu. Bila kitana ni kipara tu. Nywele inaota kama sentimita moja kwa mwezi, kwahiyo ukinyoa namba mbili baada ya wiki tatu uko kwenye nne, na kwa sisi wa kipilipili inajikunja kwahiyo kwa macho huoni tofauti kubwa. Hesabu ya muhimu ndo hiyo. Usiulize utapendezaje leo kwenye kioo cha kinyozi, uliza wiki ya tatu utakuwaje siku umeamka umechelewa na mtoto ana homa.

Siku ya kwanza lakini nilichachawa nikataka yote. Namba moja, kuchongwa mbele mstari kama rula, na rangi nyeusi ya paketi juu yake ing'ae. Nikatoka nimependeza sikatai, yaani nilijiangalia kwenye kila kioo cha gari. Siku ya tano mstari umeshapotea, kuna vinywele vinachomoza mbele kama brashi ya viatu, na kuutunza ina maana kila wiki uko kwa kinyozi. Na wembe wa kuchongea ulinitoa vipele kisogoni, vile vidogo vigumu, mtu mwenye ngozi ya kuweka makovu ajihadhari sana na hicho kitu. Ile nyeusi nayo iliniwasha siku mbili. Kwenye paketi pameandikwa kabisa ujaribu kidogo nyuma ya sikio usubiri siku mbili, nani anasoma.

Mara ya pili nikamwambia yule kinyozi, mdogo wangu toa mambo yote, namba tatu kichwa kizima, pembeni na nyuma nishushie mbili, mbele usinichonge acha paje penyewe, hakuna rangi. Akanibishia, akasema itaonekana kama ya mwanafunzi. Kweli mara ya mwisho kunyoa hivi nilikuwa fomu foo, tunanyolewa mstarini na mkasi butu wa matroni. Lakini ndo hiyo hiyo nimebaki nayo mpaka leo. Naenda kila wiki tatu, nikikosa naenda ya nne hakuna anayejua. Asubuhi naoga na kichwa humo humo, mafuta ya nazi tone moja kwenye kiganja, nimemaliza, hata dakika mbili hazifiki. Ile siku ya kwanza maji ya bafuni kupiga utosini moja kwa moja sitaisahau, nilisimama tu pale mpaka dada akagonga mlango akidhani nimeanguka.

Hela sasa. Zamani rasta kila wiki tatu, ufundi elfu thelathini, paketi nne za elfu tatu mia tano, kufumua na kuosha elfu kumi, jumla hamsini na nne. Huyu ananitoza elfu tano (wanaume wanalipa tatu, nilimuuliza kwanini akasema kichwa cha mwanamke kina mashauri mengi, sawa bwana). Kwa mwaka ukienda mara kumi na saba ni 918,000 dhidi ya 85,000. Nilipiga hiyo hesabu kwenye kikokotoo cha ofisini nikarudia mara mbili. Ukiniuliza hiyo pesa iko wapi sijui, nepi labda. Na nimenunua hereni nyingi, huo ndo ukweli, kichwa kikiwa hivi sikio linataka kitu.

Kuhusu usafi maana najua mtauliza. Kile kikabati chenye taa ya bluu wanachoweka mashine kisiwadanganye, taa haiui vijidudu kwenye mashine yenye nywele za watu zimekwama. Huyu wa kwangu anapiga brashi mbele ya macho yangu, anapangusa kwa spiriti, wembe anafungua mpya, na shingoni anaweka tishu kabla ya lile shuka. Ila nilimkuta siku moja anatoka kumnyoa mtoto mwenye mapunye akataka kunirukia mimi moja kwa moja, nikamsimamisha. Alikuwa mpole akasafisha upya, lakini nisingeangalia je? Mapunye ni fangasi na yanahama na mashine na taulo, ukiyapeleka nyumbani kwenye watoto umeisha. Siku hizi naenda na taulo langu. Nafikiria kununua mashine yangu niwe namwachia.

Mengine ya kulalamika, Jumamosi usiende, foleni mpaka barazani na muziki wa kupasua masikio. Umeme ukikatika ana mashine ya kuchaji ila inang'ata, bora urudi kesho. Kuna mdada pale wa skrabu na masaji ya shingo, anaanza kukukanda bila kuulizwa afu ni elfu tatu zaidi, mwambie mapema hutaki. Na wale vijana wa benchi mwanzoni wanakodoa macho, wakishakuzoea wanakuita mama na wanakuachia zamu ukiwa na mtoto mgongoni, hilo nawapa pongezi.

Nyumbani wamepokeaje? Mdogo alinikataa kama dakika kumi, mpaka nilipoongea akajua sauti, afu akaanza kunipapasa kichwa na mpaka leo hapati usingizi bila kupapasa. Baba watoto alisema "umependeza" kwa ile sauti ya mtu aliyeona ameshachelewa. Mama yangu yuko Moshi, nikampigia video, kitu cha kwanza "nani kafa?" maana kwao mwanamke mzima hanyoi bure. Nikamwambia mama hakuna msiba ni joto la Dar na watoto. Akanyamaza, akaniambia basi vaa kilemba ukija.

Sherehe usiogope, wigi linakaa vizuri zaidi kwenye kichwa hiki kuliko juu ya mabutu, nilivaa kwenye send-off ya wifi yangu nikalivua kwenye bajaji wakati wa kurudi. Ofisini AC inanipiga, mwezi wa saba nilikuwa natembea na skafu. Kama kichwa chako kina mba au vidonda tibu kwanza, ukinyoa vyote vinatoka hadharani.

Nampa nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa ile ya mapunye. Mimi naenda Jumanne kabla ya saa mbili na nusu usiku, wakati huo wengi wameenda kula, dakika kumi na tano uko nje. Muulize yule mrefu mwenye miwani, na uende na chenji maana ukimpa noti ya elfu kumi anaizungusha mtaa mzima na wewe umekaa hapo na shuka shingoni.