Kongamano la Agile hapa Malindi: nendeni jamani

Nyie mnaotengeneza programu huku pwani, likirudi hili kongamano la Agile, yaani njia ya kutengeneza programu kidogo kidogo huku mkipata maoni ya mteja, msilikose. Hotuba za ukumbini ni sawa tu, ile habari ya watu 17 waliokutana Utah, Marekani 2001 wakaandika ilani ya Agile wengi tushaisikia, utamu uko kwenye meza za mazoezi. Pale mnapewa kazi ya kweli, mfano mfumo wa kubuku vyumba vya hoteli, mnaikata vipande mnapanga sprinti, yaani kipindi kifupi cha kumaliza vipande kadhaa, na Skramu, mojawapo ya njia za Agile, inasema isizidi mwezi mmoja, alafu mnamuonyesha mteja mapema aseme hapa sivyo kabla hela hazijaisha, na kikao cha kila siku ni dakika 15 basi. Mimi lililonikaa zaidi ni ubao wa Kanbani, ule unaoonyesha kila kazi imefika wapi, na kuweka kikomo cha kazi zinazoendelea kwa mpigo mmoja, maana timu nyingi zinaanza mambo kumi hazimalizi hata moja wallahi. Tena saa ya chai na mahamri unakaa na watu wa Mombasa na Nairobi mnapeana namba, kazi zinapatikana hapo. Ila kiingilio kiko juu kwa vijana wanaoanza, waandaaji tafadhali wapunguzieni.