Mwaka mzima na programu za kivinjari kwenye simu ya GB 16

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Simu yangu ina GB 16, na sehemu kubwa imeshikwa na mfumo wenyewe wa simu. WhatsApp na picha za magauni zinagombania kilichobaki. Mwaka jana kila nikitaka kupakua programu naambiwa nafasi haitoshi. Nafuta hiki, nabakiza kile, wiki ijayo yale yale. Ndipo nikahamia kwenye programu zinazofunguka ndani ya kivinjari, kama Chrome, bila kupakuliwa dukani. Kwa mwenye simu kama yangu, namshauri aanzie huku kabla ya kwenda Play Store.

Ninayoitumia kuliko zote ni Squoosh, ya kupunguza uzito wa picha. Picha moja ya gauni kutoka kwenye kamera yangu ina MB 4 na ushee. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, inapunguzwa ubora, na darizi ndiyo ninayoiuza. Ukiituma kama faili, inakwenda na uzito wake wote na kumla mteja bando. Kwa hiyo naipitisha Squoosh kwanza. Katikati ya skrini unatokea mstari: upande mmoja picha ya awali, upande wa pili iliyopunguzwa. Nausogeza kwa kidole hadi juu ya darizi ya shingoni, naivuta picha karibu, naangalia kama nyuzi bado zinaonekana moja moja. Zikianza kuwa na ukungu, naongeza ubora kidogo. Nikimaliza, picha imeshuka hadi KB 500 hivi, naituma kama faili. Kazi yote inafanyika ndani ya simu, picha haipandi kwenye seva ya mtu. Wateja wangu wananiamini na picha wakiwa wamevaa nguo zao, kwa hiyo hilo nalithamini sana. Inachukua picha moja moja tu. Ukiwa nazo ishirini, tenga muda.

X, mtandao uliokuwa ukiitwa Twitter, nayo naitumia hivyo hivyo kupitia kivinjari. Toleo lake la kivinjari lilitoka mwaka 2017 kwa jina la Twitter Lite, likichukua chini ya MB 1 kwenye simu.

Kuweka programu ya namna hii ni rahisi: fungua tovuti yake kwenye Chrome, gusa vidoti vitatu juu kulia, chagua kuiweka kwenye skrini ya mwanzo. Inakaa pale na alama yake kama programu nyingine yoyote. Dada yangu ana iPhone. Yeye anapitia kitufe cha kushiriki cha Safari. Arifa kwa programu za namna hii zilifika iPhone mwaka 2023, na toleo la 16.4 la mfumo wake wa iOS, tena kwa zile tu zilizowekwa kwenye skrini ya mwanzo.

Si kila tovuti inafanya kazi mtandao ukikata. Zilizotengenezwa vizuri zinajihifadhia mafaili yake kwenye simu mara ya kwanza unapozifungua. Mimi kila mpya naijaribu: naifungua, naifunga, nawasha hali ya ndegeni, naifungua tena. Ikigoma, siiwekei kazi ya maana.

Jambo lililoniumiza ni hili. Vipimo vya wateja nilikuwa naviandika kwenye programu moja ya kivinjari, isiyo na akaunti wala nywila, na niliipenda kwa wepesi huo. Siku moja simu ikawa nzito, nikaingia kwenye mipangilio nikafuta data zote za kivinjari. Vipimo vya wateja tisa vikaondoka nazo. Wawili walikuwa na harusi Jumamosi ile. Nikawapigia simu mmoja mmoja, nikaomba radhi, wakarudi kupimwa upya.

Sikuiacha programu yenyewe, maana ina kitufe cha kutoa nakala ambacho sikuwahi kukigusa. Sasa kila jioni kabla ya kufunga cherehani natoa faili la vipimo, najitumia WhatsApp.