Siku mbili Ndeeba kwa ajili ya silinda ya tatu: tathmini ya gereji inayotoza upimaji

Gereji ninayoitathmini hapa haina kibao wala jina lililoandikwa mlangoni. Iko ndani ya uchochoro mmoja wa Ndeeba, jijini Kampala, nyuma ya wauza mbao, na wateja wake wengi huipata kama nilivyoipata mimi, kwa kuelekezwa na mtu aliyechoka kununua spea zisizoliponya gari. Kinachoitofautisha na gereji nyingine nilizozipitia ni kwamba fundi wake anatoza pesa za kupima, shilingi 60,000, na anazitoza hata kama hatimaye hukununua kitu chochote kwake. Kwa desturi ya Kampala, ambako kupima hufanywa bure na gharama yake hufichwa ndani ya bei ya spea, sharti hilo huwakimbiza watu. Nusura linikimbize na mimi.

Gari langu ni Toyota Corolla Spacio ya mwaka 2002, yenye injini ya 1ZZ-FE ya lita 1.8. Tangu sheria ya usalama barabarani iliporekebishwa mwaka 2018 na kupiga marufuku uingizaji wa magari yaliyotimiza miaka 15, siwezi kuagiza jingine la rika lake, na bei ya yale machanga zaidi siimudu. Kwa hiyo hili lililopo lazima litunzwe. Kwa miezi saba lilikuwa linamisi, yaani silinda moja ilikuwa inakosa kuunguza petroli yake. Natokea Bombo kuingia mjini karibu kila siku ya kazi, na ugonjwa ulikuwa na ratiba yake: asubuhi injini ikiwa baridi, gari lilikwenda vizuri, lakini likishapata moto na kuanza kuvuta mlima upande wa Matugga, lilianza kutikisika kama mtu mwenye kwikwi, nguvu zikapungua, harufu ya petroli mbichi ikasikika nyuma, na taa ya injini ikaanza kuwaka na kuzimika. Taa hiyo inapowaka mfululizo unaweza kufika nyumbani. Inapopepesa maana yake ni kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye eksozi na inaweza kuunguza kichujio cha moshi, ambacho bei yake humfanya mtu ajute kutopunguza mwendo.

Kabla ya Ndeeba nilikwenda kwa mafundi watatu, na nitaeleza kazi zao kwa ufupi kwa sababu bila hizo thamani ya huduma ninayoitathmini haionekani. Wa kwanza alibadilisha plagi zote nne. Nilikuja kujua baadaye kwamba zilikuwa bandia, kwa kuwa namba yake iliishia na 11, ambayo kwa watengenezaji wa plagi Denso na NGK humaanisha pengo la cheche la milimita 1.1, ilhali mapengo zilizokuwa nayo hayakulingana plagi moja na nyingine. Hata hivyo gari lilitulia kwa siku kumi. Wa pili alisema ni koili, kile kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, akaniuzia nne zilizotumika kutoka Japani, akazichukua zangu kama chakavu, na akafuta msimbo wa hitilafu kwenye kompyuta bila kuuandika popote. Gari lilitulia wiki mbili. Wa tatu alifungua kifuniko cha vali, akabadilisha gasketi kwa madai kwamba oili inavuja kwenye visima vya plagi, jambo ambalo lilikuwa kweli, kisha akasafisha injekta, yaani vinyunyizio vya petroli. Gari lilitulia wiki tatu. Kila mara nililipa nikiwa na furaha, na kila mara mlima wa Matugga ulinirudisha chini.

Nilipofika kwa fundi wa Ndeeba nilimweleza yote hayo, naye hakufungua boneti. Alichukua daftari, akaandika tarehe za matengenezo yote matatu na idadi ya siku ambazo gari lilitulia baada ya kila moja. Kisha akawasha injini, ambayo kwa ukaidi wa kawaida wa magari mbele ya fundi ilinguruma bila dosari yoyote. Aliisikiliza kidogo akasema, “Hajji, siwezi kumkamata mwizi aliyelala.” Tukatoka naye kwa barabara ya Masaka, tukapita foleni, tukatafuta kilima, tukarudi, tukatoka tena. Mara ya tatu ndipo lilipomisi, na mashine yake ya kusoma hitilafu ikaonyesha msimbo P0303. Tarakimu ya mwisho ya msimbo huo hutaja silinda, kwa hiyo tulikuwa tunatafuta tatizo katika silinda ya tatu ukihesabu kuanzia upande wa cheni. Huenda huo ndio msimbo ambao miezi mitano nyuma ulikuwa umefutwa na fundi wa pili.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyonifanya niamini kwamba shilingi 60,000 zangu hazikupotea, ingawa haikuhitaji kifaa chochote zaidi ya spana ya namba 10 na spana ya plagi. Alitoa koili ya silinda ya tatu akaiweka kwenye silinda ya kwanza, na ya kwanza akaiweka kwenye ya tatu. Plagi ya tatu akaihamishia silinda ya nne. Hoja yake ni nyepesi kiasi kwamba mtu hujiuliza kwa nini haifanywi kila mahali: ikiwa koili ni mbovu, msimbo utahama na kuwa P0301, ikiwa plagi ndiyo mbovu, utakuwa P0304, na ukibaki P0303, basi kinachoumwa hakikuhamishwa, yaani ni injekta, au mgandamizo wa silinda (jinsi inavyobana hewa), au waya. Mabadiliko hayo yalimchukua dakika 20, lakini jibu halikupatikana siku ile, kwa sababu gari lilikataa kabisa kumisi. Aliniambia niliache. Sikufurahi, na nilirudi Bombo kwa teksi.

Kesho yake alinipigia simu karibu saa nne asubuhi: msimbo ulikuwa umerudi, na ulikuwa uleule wa silinda ya tatu. Kwa maneno mengine, koili nne nilizouziwa na plagi nne nilizobadilishiwa hazikuwa na uhusiano wowote na ugonjwa.

Nilipofika alikuwa ameshapima mgandamizo, na namba za silinda zote nne zilikaribiana sana, akanionyesha geji ili nisome mwenyewe. Injekta alizisikiliza kwa bisibisi ndefu aliyoiegemeza sikioni, zote zikawa zinagonga kwa mlio mmoja. Mimi nilikuwa na dhana yangu niliyoipenda: kwamba maji ya mafuriko ya Bwaise, ambayo gari limeyavuka mara nyingi katika majira ya mvua, yameingia mahali fulani. Hakubishana nami. Alijaza maji kwenye chupa ya kunyunyizia, akanyunyiza kuzunguka koili zote injini ikiwa inaunguruma, tukasubiri, hakuna kilichobadilika, na dhana yangu ikaishia hapo.

Koili za injini hii kila moja ina nyaya nne: mmoja wa umeme wa betri, mmoja wa ardhi, mmoja unaoleta amri ya kompyuta kwamba cheche ipigwe sasa, na mmoja unaorudisha jibu kwamba cheche imepigwa. Fundi aliiacha injini ipate moto, kisha akaanza kuzitikisa nyaya hizo kwa kidole kimoja, soketi baada ya soketi. Alipofika ya tatu na kuvuta kidogo kuelekea mbele, injini ikakohoa. Akaachia, ikatulia. Akavuta tena, ikakohoa tena. Baada ya miezi saba ya kubahatisha, kuuona ugonjwa ukiitika kwa kidole cha mtu ni jambo ambalo sikulitarajia, nami nilimwomba arudie mara ya tatu bila sababu yoyote ya kiufundi.

Klipu ya soketi ilikuwa imevunjika, kwani plastiki ya umri ule juu ya injini huwa kavu kama ganda la karanga, na ndani ya ngozi ya waya wa amri, sentimita moja hivi kutoka kwenye soketi, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika karibu zote. Kwa nje waya ulionekana mzima. Kishikizo kinachofunga fungu la nyaya kwenye kifuniko cha vali nacho hakikuwepo, bila shaka kiliachwa na mmoja wa waliotangulia. Hapo mlima wa Matugga ukapata maelezo: injini inapovuta kwa nguvu huinama juu ya mipira inayoibeba, na kwa kuwa fungu la nyaya halikushikwa, kila ilipoinama iliuvuta ule waya na zile nyuzi zilizokatika zikaachana. Na daftari lake likaeleza lililobaki. Iwe ni kubadilisha plagi, koili au gasketi, kila kazi ililazimu soketi ile ichomolewe na kurudishwa, na kila iliporudishwa nyuzi zilikaa pamoja kwa siku kumi, au wiki mbili, au tatu. Mafundi wote watatu waliutibu ugonjwa kwa bahati, kisha wakaipa sifa spea waliyouza.

Matengenezo yenyewe yalikuwa madogo. Alinituma Kisekka, kwenye soko la spea, kutafuta soketi iliyokatwa kutoka gari jingine ikiwa na nyaya zake; niliipata kwa shilingi 25,000 baada ya kushuka kutoka 50,000. Aliunganisha nyaya kwa kuzibana badala ya kuzichoma kwa risasi, akieleza kwamba waya uliochomwa hukakamaa na mahali penye mtikisiko hukatika pembeni ya kiungo, akazivika mpira unaosinyaa kwa moto, na akatengeneza kishikizo kipya cha bati. Kwa kazi hiyo alinitoza 40,000. Jumla, pamoja na upimaji na soketi, ni shilingi 125,000, ambazo ni chini ya bei ya koili mbili kati ya zile nne nilizouziwa.

Sasa kasoro, maana zipo. Hakuna mahali pa kukaa isipokuwa tairi la lori lililolazwa kivulini, na choo ni cha kuomba kwa jirani. Hatoi risiti, nililipa kwa pesa za simu ili nibaki na kumbukumbu, na dhamana ya miezi miwili aliyonipa ni ya mdomo tu. Hasemi gari litakuwa tayari lini, na ukimuuliza mara mbili hunyamaza. Hapokei magari zaidi ya mawili kwa wakati mmoja, kwa hiyo unaweza kufika ukarudishwa. Mtu mwenye gari la biashara, ambalo likilala siku moja familia hailali na chakula, ataona utaratibu wake ni mgumu, na sitamlaumu. Pia kwa ugonjwa ulio wazi, kama plagi iliyochakaa au breki, sioni sababu ya kulipia upimaji wake. Fundi yeyote wa karibu anatosha.

Ninampendekeza kwa ugonjwa unaorudi, ule unaopona kila unapotengenezwa na kufufuka baadaye. Ni mwezi wa tano sasa tangu nitoke pale, gari limepanda Matugga karibu kila siku ya kazi, limekwenda Mbarara na kurudi mara mbili, na taa haijawaka. Atakayekwenda afike mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, aandike tarehe za matengenezo yaliyopita kwa sababu ataulizwa, na ajaze petroli njiani, kwani majaribio ya barabarani yote hufanywa kwa petroli ya mteja, na fundi yule hana haraka ya kurudi.