Kangaja wangu wa Mwanza: samaki safi, ushauri ovyo

Uwanja wa ndege wa Mwanza maboksi meupe ya samaki hutoka, hayaingii. Minofu ya sangara ndiyo inayosafiri. Kwa hiyo nilipokwenda kuchukua langu, kijana wa mizigo alisoma karatasi mara mbili. "Mzee, unaleta samaki Mwanza?" Nikamwambia huyu ni wa maji chumvi. Alicheka mpaka akakaa.

Nilimwagiza kangaja, samaki wa baharini wa kufuga kwenye tangi la kioo, kwa muuzaji wa Dar es Salaam; jina la muuzaji naliacha. Ni yule wa buluu, uso mweusi, kidevu cheupe, pezi la mgongoni njano kama embe. Kwenye ufungaji sina neno: mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, maji kidogo, oksijeni nyingi, magazeti kuzunguka ili mwanga usimsumbue. Alifika mapezi mazima. Hapo nampa kongole zake.

Tatizo ni maneno yake. Aliniuzia na tangi la lita 100, akaapa linatosha. Kangaja huogelea kutwa nzima juu ya miamba, anachunga mwani kama mbuzi. Mle ndani alikuwa anafika kioo, anageuka, anafika kioo, anageuka, mpaka rangi ikafifia kama kanga iliyofuliwa na jiki. Nikaenda kwa fundi vioo wa Nyakato, akanikatia la sentimita 150 kwa 60 kwa 50, kioo cha milimita 12. Wiki sita nzima nikangoja bakteria wa kusafisha maji wajijenge, huku kwenye lile dogo nikibadilisha maji kila baada ya siku mbili.

Fundi ndiye aliyeniuliza kwa nini nahangaika na chumvi ya kuagiza wakati ya Uvinza imejaa sokoni. Swali zuri. Ila chumvi ya mboga ni chumvi tupu. Bahari ina kalsiamu, magnesiamu na vingine vingi ambavyo samaki huyu amezoea. Lita moja inataka gramu 35 hivi, kwa hiyo lita 400 zimemeza kilo 14. Na maji ya bomba yana klorini, lazima yapite kwenye kichujio kwanza. Yaani naishi hatua chache kutoka ziwani, na kitu kinachonitoa jasho ni maji.

Kosa moja ni langu mwenyewe. Kila maji yalipopungua nilikuwa naongeza ya chumvi. Maji hupaa, chumvi hubaki! Kipimo cha uzito wa maji, kinachoonyesha wingi wa chumvi, kilisoma 1.030 badala ya 1.025, na samaki akagoma kula. Sasa naongeza maji yasiyo na chumvi tu, yaliyochujwa.

Halafu vikaja vidoa vyeupe mwilini, kama amenyunyiziwa semolina. Ni ugonjwa unaowapenda sana kangaja. Nilipomuuliza muuzaji akaniandikia, "mwaga dawa ya shaba humo humo." Humo humo kuna kamba wadogo na matumbawe, shaba ingewamaliza wote. Ndipo lile tangi la lita 100 lilipopata kazi inayolifaa: hospitali. Kumhamisha nilitumia kimia, na ule mwiba wake wa mkiani, mkali kama wembe, ukanasa kwenye nyuzi. Nikaingiza kidole kuunasua. Kovu bado lipo. Siku hizi namteka kwa bakuli la plastiki. Tangi kubwa lilikaa siku 76 bila samaki hata mmoja, ili vimelea vife kwa kukosa wa kumng'ang'ania.

Amepona. Nambania mwani mkavu kwenye kioo kwa kibanio cha nguo, na ukiisha anabaki anakikodolea kibanio. Kwa yule muuzaji nitanunua samaki tena. Tangi na dawa, hapana.

Mama mkwe alikuja juzi kutoka Ukerewe, akamtupia dagaa mmoja wa ziwani. Kangaja akamwonja, akamtema.

"Anaringa huyu," mama akasema, akaomba kiti asogee karibu.