Nondo zisizoshika kutu kwa ajili ya msingi: ipi ununue

Chuma kikishika kutu ndani ya zege hufura, kisha hulipasua kutoka ndani. Kwenye msingi huoni chochote mpaka ufa utokeze ukutani. Kama udongo wako una chumvi au maji hayakauki, nakusihi uangalie nondo za nyuzi, yaani nyuzi ngumu zilizoshikwa pamoja kwa resini (gundi ya plastiki inayoganda), kabla ya kuagiza za chuma.

Naiweka ya kwanza nondo ya nyuzi za kioo, ila si kioo chochote. Zege lina alkali kali, pH yake hufika 13, na alkali hiyo hula kioo cha kawaida polepole. Dai kioo cha E-CR (aina inayostahimili kemikali) kilichoshikwa kwa resini ya vinilesta, pamoja na cheti kinachotaja ASTM D7957, kiwango cha ubora cha nondo za nyuzi za kioo. Omba kipande, utazame pale kilipokatwa: nyuzi zimebanana, hakuna matundu. Ukiona nyuzi nyeupe zimechomoza pembeni, resini haikuingia vizuri, irudishe.

Ya pili ni ya nyuzi za basalti, mwamba wa volkano. Kwa kawaida ni ngumu kidogo kuliko kioo, lakini ubora hutofautiana sana kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo ulizia resini yake vilevile.

Ya nyuzi za kaboni ni ya tatu: imara mno, na ghali mno kwa msingi wa nyumba. Tena isigusane na chuma, maana hukiharakishia kutu.

Nondo yoyote iliyoshikwa kwa resini ya poliesta usiinunue, hata ikiwa rahisi.

Sasa jambo linaloniumiza zaidi. Wauzaji husema milimita 8 za nyuzi za kioo zinatosha mahali pa milimita 12 za chuma, kwa kuwa hazikatiki upesi zikivutwa. Usikubali. Ugumu wa nondo ya kioo, yaani jinsi inavyokataa kunyumbuka, ni gigapaskali (kipimo cha ugumu huo) 45 hadi 60 hivi, wa chuma ni 200. Nondo itanyumbuka na nyufa zitapanuka. Mhandisi apige hesabu upya.

Ringi na kona ziagize zikiwa zimekunjwa kiwandani, kwani hizi hazikunjwi saiti. Zikate kwa diski ya almasi, fundi akiwa na glavu na barakoa, na zifunike zisipigwe na jua. Siku ya kumwaga, kumbuka kuwa ni nyepesi kuliko zege bichi: vaibreta ikipita, huibuka juu. Zifunge chini kwa nguvu, kila baada ya hatua moja au mbili.