Bao la Kete kwa Zawadi ya Krismasi: Tathmini Baada ya Karibu Mwaka Mmoja

Kila mwezi Januari kabati la watoto wetu lilikuwa limejaa magari ya plastiki yaliyokwisha betri, midoli iliyong'oka mikono na vipande ambavyo hakuna aliyejua vilitoka kwenye kitu gani. Vyote vilikuwa zawadi za Krismasi. Mwaka jana niliamua kununua zawadi moja tu kwa watoto wote watatu, nayo ni bao la kete, ambalo ninalitathmini hapa baada ya kutumika nyumbani kwa karibu mwaka mzima.

Bao hili ni la mti wa mninga, na nililinunua kwa fundi wa vinyago kwa shilingi 45,000 baada ya kupatana bei. Lina mashimo 32 katika safu nne, pamoja na kete 64 ambazo ni komwe halisi, yaani mbegu, ngumu kiasi kwamba hadi leo hakuna hata moja iliyovunjika. Mnunuzi awe mwangalifu, kwa kuwa baadhi ya mabao yanayochongwa kwa ajili ya watalii yana safu mbili tu. Yanapendeza ukutani, lakini bao la Kiswahili halichezeki humo. Hesabu mashimo kabla ya kutoa fedha, kisha utazame shimo la nyumba, la tano kutoka kushoto kwa mchezaji katika safu ya mbele, ambalo kwa kawaida huchongwa mraba.

Ninalolithamini zaidi ni kwamba mtoto hukua nalo. Binti yetu wa miaka sita alianza na bao la kujifunza, ambalo kila shimo huwekwa kete mbili tangu mwanzo, na baada ya wiki chache akawa anatambua kwa macho, kabla ya kugusa kete, shimo atakalolala, yaani ambalo zamu yake itaishia. Kaka yake wa miaka kumi na mmoja amekwisha kuhamia bao kamili, ambalo kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na kubaki na 22 mkononi, akizinamua, yaani kuziingiza ubaoni, mojamoja hadi ziishe ndipo mtaji uanze, yaani hatua ya kucheza kwa kete zilizo ubaoni tu. Hesabu za namna hiyo sikuwahi kumwona akizifanya kwa hiari yake. Babu yao naye, ambaye zamani akija kututembelea alikaa na redio yake tu, sasa hupokelewa mlangoni kwa "Shikamoo Babu, leo unaanza na nani?"

Kasoro zipo. Kingo za mashimo zilikuwa na vibanzi, ikanibidi nizipige msasa mwenyewe. Wanaocheza ni wawili, hivyo ugomvi wa zamu haukosekani. Kubwa kuliko zote, kitinda mimba wetu, ambaye bado hajatimiza miaka mitatu, alitia komwe mdomoni siku ya kwanza, na komwe inaweza kumkaba mtoto wa umri huo. Tangu hapo kete hukaa katika mfuko wa kanga juu ya kabati. Yeye zawadi hii haikumfaa, na nilipaswa kumfikiria peke yake.

Kwa nyumba yenye mtoto wa miaka mitano na kuendelea, na mtu mzima aliye tayari kukaa naye mkekani wiki mbili za mwanzo, ninalipendekeza bila kusita. Mchezo ukiisha, letu huning'inizwa kwenye msumari mmoja sebuleni.